Kileo, Hasira na Mahali pa Kunywea
Chanzo cha ugomvi vilabuni na njia za kuuzuia

Nakapanya ni kata ya wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kando ya barabara kuu itokayo Songea, ikapita Tunduru mjini na kuelekea Masasi na Mtwara. Kama ilivyo sehemu kubwa ya wilaya hiyo, zao la biashara linalotegemewa huko ni korosho. Kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba hadi Desemba au Januari mikorosho huzaa. Korosho huokotwa na kupelekwa katika vyama vya msingi, lakini mabibo, yaani lile tunda laini lenye maji mengi na sukari, hubaki kwa wingi kuliko yawezavyo kuliwa. Sehemu ya mabibo hayo hukamuliwa, na maji yake yakisha kuchachuka huitwa uraka. Basi katika miezi ileile ambayo minada ya korosho huwaletea wakulima fedha, kinywaji cha bei ndogo nacho hujaa vilabuni.

Hali hii si ya Nakapanya peke yake. Katika nyanda za Songea, Njombe na Iringa msimu wa mvua ni msimu wa ulanzi, utomvu wa mianzi. Katika miji kuna baa na kumbi za dansi zifunguliwazo mwaka mzima. Popote penye vinywaji hivi huulizwa swali moja: kwa nini watu wawili walioketi pamoja kwa amani tangu jioni wagombane saa nne usiku, pengine kwa visu au mapanga, kwa jambo ambalo asubuhi yake hakuna hata mmoja awezaye kulieleza? Jibu la wengi ni fupi: “Ni pombe.” Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Wanywaji walio wengi hurudi nyumbani bila kumgusa mtu, na mtu huyohuyo aweza kunywa kiasi kilekile katika vilabu viwili, akacheka katika kimoja na kupigana katika kingine. Makala haya yataeleza kileo kinavyofanya kazi mwilini na katika ubongo, na kwa nini mahali pa kunywea pana uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa.

1. Kileo na kipimo chake

Kileo kilichomo katika pombe zote, ziwe za kienyeji au za kiwandani, ni kemikali moja iitwayo ethanoli. Hamira, ambayo ni jamii ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, hula sukari na kutoa ethanoli pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Povu lionekanalo juu ya uraka ni dalili ya hewa hiyo. Uchachukaji huendelea maadamu sukari ipo na hamira iko hai, lakini ethanoli ikizidi, hamira yenyewe hudhoofika. Kwa sababu hiyo pombe ya kuchachusha kwa kawaida haizidi takriban asilimia 15 ya kileo. Ili kupita hapo, hapana budi pombe ichemshwe na mvuke wake ukusanywe. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mvuke wa mwanzo huwa na kileo kingi zaidi. Hivyo ndivyo ipatikanavyo gongo, ambayo kusini huitwa pia nipa.

Kutokana na maelezo hayo lafuata jambo moja muhimu. Uraka wa asubuhi na uraka wa jioni uliotoka katika chombo kimoja si kinywaji kimoja. Kadiri saa zinavyopita utamu hupungua na kileo huongezeka. Wanywaji wa ulanzi walilitambua jambo hili zamani: ule mpya na mtamu wauita mtogwa, na ule uliokaa ukakolea wauita mkangafu. Mnywaji wa bia aweza kusoma kiasi cha kileo kwenye chupa, lakini mnywaji wa uraka hana kibandiko cha kusoma. Ahesabuye vikombe tu, bila kujali saa, hupima ujazo na kuacha kupima kileo.

Hebu tuchukue mfano wa hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli. Kila mililita ya ethanoli ina uzito wa gramu 0.79, hivyo chupa hiyo ina gramu 20 hivi. Mililita 100 tu za kinywaji kikali cha asilimia 35 zina gramu 28 hivi. Tofauti hiyo yaonyesha kwa nini vinywaji vikali vya vifuko vya plastiki, vilivyojulikana kama viroba, vilileta wasiwasi mkubwa hata Serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi, 2017. Kifuko kilichoweza kufichwa katika kiganja kiliweza kuwa na kileo kingi kuliko chupa nzima ya bia, na bei yake ilikuwa ndogo.

Ethanoli haihitaji kusagwa kama chakula. Sehemu ndogo hupenya katika kuta za tumbo, na sehemu kubwa huingia katika damu kupitia utumbo mwembamba. Tumbo likiwa na chakula, mlango wa kuelekea utumbo hukawia kufunguka, na kileo huingia katika damu polepole. Tumbo likiwa tupu, huingia kwa ghafla. Kazi ya kukiondoa ni ya ini, ambalo kwa vimeng'enya vyake huvunja gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Kahawa, maji baridi ya kuoga au kutembea upepesini haviongezi kasi hiyo. Mtu aliyekunywa chupa nne tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku ameingiza gramu 80, na kwa saa hizo nne ini limeondoa gramu 28 hadi 40 tu. Nusu au zaidi ya kileo chake bado imo mwilini, naye hudhani kuwa amekunywa taratibu.

2. Ubongo wa mlevi: karabai na kurunzi

Ethanoli hufika katika ubongo pamoja na damu. Huko chembe za fahamu hupelekeana habari kwa kemikali maalumu. Baadhi ya kemikali hizo huchochea, kama glutamati, na baadhi hutuliza, kama ile iitwayo kwa kifupi GABA. Ethanoli hupunguza nguvu ya zile zinazochochea na kuongeza nguvu ya zile zinazotuliza. Wengi hushangaa wasikiapo hivyo: iwapo kileo hutuliza, mbona mlevi hupiga kelele? Sababu ni kwamba miongoni mwa sehemu zinazodhoofika mapema imo sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima matokeo, kukumbuka makatazo na kuzuia tendo kabla halijatendeka. Anayefunga breki akisinzia, gari haliendi taratibu.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani Claude Steele na Robert Josephs walieleza jambo hili kwa namna ambayo imesaidia sana watafiti waliofuata. Kwa maoni yao kileo huufanya upeo wa akili kuwa finyu, na hakimpi kila mtu tabia moja. Akili ya mtu mwenye kiasi yafanana na karabai itundikwayo katikati ya chumba, iangazayo pembe zote kwa pamoja. Amkanyagaye mguu humwona, na kadhalika huona kwamba nafasi ni ndogo, kwamba yule mtu ameomba radhi, kwamba mtoto wake anaumwa nyumbani, kwamba kituo cha polisi hakiko mbali. Akili ya mlevi yafanana na kurunzi. Huangaza sehemu moja tu, tena kwa ukali, na vingine vyote hubaki gizani. Kurunzi ikielekea kwenye wimbo, mlevi huimba. Ikielekea kwenye msiba, hulia. Ikielekea kwenye mguu uliokanyagwa, hupigana.

Maelezo hayo yalijaribiwa. Mwaka 2007 Peter Giancola wa Chuo Kikuu cha Kentucky, pamoja na Michelle Corman, walitangaza matokeo ya majaribio ambamo wanaume waliokunywa kileo walichokozwa na mpinzani katika mchezo wa mashindano. Wale waliopewa wakati huohuo kazi ya wastani ya kukumbuka, ukali wao ulipungua sana. Kileo kilikuwa kilekile na uchokozi uleule, ila mwanga wa kurunzi ulikuwa umevutwa upande mwingine. Jambo hili litakumbukwa tutakapofika kwenye njia za kuzuia.

Mfano wa karibu zaidi ni utani. Wangoni wa Songea na Wahehe wa Iringa, ambao babu zao walipigana vita vikali katika karne ya 19, leo hutaniana kwa maneno ambayo mgeni angeyaita matusi. Mtani hakasiriki, kwa kuwa husikia mambo mawili pamoja: neno lenyewe, na desturi inayolifanya neno hilo kuwa mchezo. Kwa nadharia ya kurunzi, hatari ya utani wa vilabuni yaeleweka upesi. Neno ni la karibu na lina sauti, na desturi iko mbali, tena ni ya kukumbukwa. Upeo ukisha kuwa finyu, neno husikika na desturi hupotea.

3. Yanayotoka katika mafundisho ya jamii

Kileo hakifanyi kazi peke yake. Mwaka 1975 Alan Lang na wenzake huko Marekani waliwagawa wanaume katika makundi. Baadhi waliambiwa kwamba wamepewa kileo na kwa kweli wakapewa. Baadhi waliambiwa hivyo lakini hawakupewa. Wengine walipewa bila kuambiwa. Walioamini kwamba wamekunywa kileo walionyesha ukali zaidi, hata kama katika bilauri zao hakikuwamo. Majaribio mengine mengi, yaliyokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 1990, yalithibitisha kwamba kileo chenyewe nacho kina sehemu yake. Kwa hiyo mawili hayo huenda pamoja: kemikali hudhoofisha breki, na imani humpa mtu ruhusa ya kuziacha.

Ruhusa hiyo hutoka katika jamii. Mwaka 1969 Craig MacAndrew na Robert Edgerton walitoa kitabu kilicholinganisha mwenendo wa walevi katika jamii nyingi za dunia. Edgerton alizijua baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, maana mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya utafiti miongoni mwa Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei. Waandishi hao walionyesha kwamba ziko jamii ambazo watu hulewa sana wasipigane, na ziko zile ambazo ulevi na ugomvi huhesabiwa kuwa ndugu. Tena hata mlevi aliyepandwa na hasira mara nyingi hachagui ovyo: humpiga rika lake, akamwacha mzee, akamwogopa askari. Kama kileo kingekuwa kimefuta akili yote, uchaguzi huo usingewezekana.

Historia ya nchi zetu yaunga mkono maelezo hayo. Mwanahistoria Justin Willis, katika utafiti wake wa historia ya pombe Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 2002, ameeleza jinsi ambavyo katika karne ya 19 pombe ilihusishwa zaidi na mamlaka ya wazee wanaume, na jinsi ambavyo baadaye ilivyogeuka kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa yeyote mwenye fedha. Si kwamba zamani hapakuwa na ulevi wala ugomvi. Lakini pale ambapo pombe ilinyweka mbele ya wakwe, wazee na watoto, kurunzi ya mnywaji ilikutana na nyuso ambazo hakuweza kuzidharau. Katika kilabu cha biashara hukutana zaidi na nyuso za vijana wenzake wenye fedha za msimu.

Yafaa wanafunzi wajue pia kwamba sheria haitoi ruhusa ambayo jamii hutoa. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania chasema wazi kwamba ulevi si utetezi dhidi ya shitaka, isipokuwa kwa hali chache, kama vile mtu kuleweshwa na mwingine bila ridhaa yake. Neno “pombe zilinizidi”, ambalo jamaa huweza kulipokea, mahakamani halimwokoi aliyekunywa kwa hiari. Watu wawili wasiokuwa na chuki ya asili huweza kupotea katika dakika tano: mmoja kaburini, mwingine gerezani, na nyumba zote mbili zikabaki bila mlimaji.

4. Mahali na saa

Kwa miaka mingi watafiti kama Ross Homel wa Australia na Kathryn Graham wa Kanada wamekaa usiku mwingi katika baa na kumbi za dansi wakiandika wanayoyaona. Matokeo yao yanafanana. Ugomvi hauenei sawasawa katika baa zote za mji. Baa chache huzaa sehemu kubwa ya mapigano, na baa hizo zina sifa zinazotambulikana: msongamano unaofanya watu wasukumane, joto na moshi, kusubiri huduma kwa muda mrefu, wahudumu wanaoendelea kumuuzia aliyekwisha kulewa, walinzi wanaoanza kwa mabavu, na mazoea ya kuvumilia matusi na kushikana ovyo. Kila moja ya sifa hizo ni kero ndogo. Kwa mtu mwenye kiasi kero ndogo hupita. Kwa mwenye kurunzi huwa ndiyo dunia nzima.

Mambo haya yaweza kutafsiriwa kwa urahisi katika hali ya kilabu cha kijijini au baa ya barabarani. Benchi moja la watu watano likikaliwa na wanane, viwiko hugongana. Kata au kopo moja likizunguka kwa zamu, huzuka swali la nani kanywa mara mbili. Pasipo na taa, anayepita huonekana kama anayevamia. Deni la jana likidaiwa mbele ya watu, heshima huingia hatarini. Meza ya mchezo wa puli ikiwa na dau, mshindwa hutafuta sababu. Mkulima akipitia kilabuni akitoka shambani, panga liko mkononi mwake. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalotokana na kileo, na yote huweza kurekebishwa bila kusubiri mnywaji ageuke kuwa malaika.

Saa nazo zina uzito wake. Mji wa Diadema, karibu na São Paulo nchini Brazil, ulikuwa na mauaji mengi, na mengi yalitokea usiku karibu na baa. Mwaka 2002 serikali ya mji iliamuru baa zifungwe saa tano usiku na ikasimamia amri hiyo kwa ukaguzi. Watafiti walikadiria kwamba mauaji yalipungua kwa karibu watu 9 kila mwezi. Katika mji wa Newcastle, Australia, mwaka 2008 baa zilizokuwa zikifungwa saa kumi na moja alfajiri ziliamriwa zifungwe saa tisa usiku, muda uliosogezwa baadaye hadi saa tisa na nusu. Ikilinganishwa na eneo jirani lisilobadilishiwa saa, mashambulio ya usiku yalipungua kwa asilimia 37 hivi. Nchini Norway uchunguzi wa miji 18 ulionyesha kwamba kila saa moja iliyoongezwa iliambatana na ongezeko la mashambulio la takriban asilimia 16. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2010 iliyofahamika kwa jina la Mbunge John Mututho, iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku kwa siku za kazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka utaratibu wa leseni na wa saa za kuuza.

Sababu ya nguvu ya saa yaonekana katika hesabu ya sehemu ya kwanza. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na mnywaji huongeza 20 au zaidi. Kila saa inayoongezwa huacha ziada, na ziada hujumlishwa. Tofauti kati ya saa nne na saa saba usiku ni saa tatu za limbikizo la kileo katika damu ya watu wote waliomo ndani, pamoja na uchovu na giza.

5. Njia za kuzuia

Kwa kuwa ugomvi huzaliwa pale wanapokutana mnywaji, kinywaji na mahali, kuzuia kwaweza kuanzia popote katika hayo matatu. Kumbadili mnywaji ni kazi ya miaka. Kinywaji na mahali vyaweza kubadilishwa kuanzia kesho. Hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi, na wenye vilabu, ambao vijijini wengi wao ni akina mama wanaosomesha watoto kwa kazi hiyo, wana faida nazo, kwa maana kilabu cha ugomvi hukimbiwa na wateja watulivu na hufungiwa leseni.

Kwanza, chakula kiwepo kabla ya kinywaji na wakati wa kunywa. Muhogo wa kuchoma, karanga, nyama au korosho zenyewe hupunguza kasi ya kileo kuingia katika damu. Maji ya kunywa yawepo bila malipo.

Pili, muuzaji aonje na atenganishe uraka mpya na uliokaa, wala asiuchanganye na gongo. Gongo iliyotengenezwa kwa siri ni kosa la sheria, na nguvu yake haijulikani.

Tatu, aliyelewa asiuziwe tena. Dalili zake ni kupayuka, kurudia neno lilelile, kuyumba na kushindwa kuhesabu chenji. Akataliwe kwa upole, kwa mfano: “Kaka, yako ya kesho nimekuwekea,” wala asikaripiwe mbele ya wenzake.

Nne, mapanga, visu na marungu vipokewe mlangoni, viwekwe ndani na virudishwe mtu aondokapo. Vikombe viwe vya plastiki au bati badala ya bilauri na chupa zivunjikazo.

Tano, kuwe na taa, nafasi ya kupita, viti vya kutosha na choo chenye njia yake. Madeni yadaiwe mchana.

Sita, muda wa kufunga ujulikane na utangazwe mapema. Nusu saa kabla ya kufunga, mauzo yakome na muziki upunguzwe kidogo kidogo, ili watu watoke mmoja mmoja badala ya kusukumana nje kwa pamoja.

Saba, wahudumu wafundishwe kutuliza. Katika jiji la Toronto, Kanada, mafunzo ya namna hiyo yalipimwa kwa kulinganisha baa zilizofunzwa na zisizofunzwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kupungua kwa ugomvi wa kiasi na ule mkali katika baa zilizofunzwa. Misingi yake yapatana na nadharia ya kurunzi. Anayetuliza huwahi kabla ya ngumi, wakati wa sauti kupanda na vidole kunyooshwa. Husema kwa sauti ya chini. Huwatenga wagomvi wasionane, kwa kuwa asiyeonekana hutoka katika mwanga. Huwaondoa watazamaji, maana mbele ya watu kila mmoja huona haya kurudi nyuma. Hamshiki mtu shati. Huzungumza naye habari nyingine kabisa: bei ya korosho mnadani, mtoto wake aliyefaulu, safari ya kesho. Hiyo ndiyo ile kazi ya wastani ya kukumbuka iliyotolewa katika jaribio la Kentucky. Mwishowe humpa mlango wa kutokea bila aibu. Mzee akimwita pembeni “Mwanangu, nisindikize,” humpa kijana sababu ya kuondoka ambayo si kushindwa.

6. Sehemu ya shule

Si lengo la somo hili kuwafundisha vijana kunywa kwa ustadi. Aliye salama kuliko wote ni asiyekunywa, na dini na mila nyingi za watu wetu zimesema hivyo kabla ya sayansi. Lakini mwanafunzi asiyekunywa ana baba, kaka au jirani anayekunywa, na kesho atakuwa diwani, askari, mwenye baa au mjumbe wa kamati ya kijiji. Tena hasira iliyoanzia kilabuni mara nyingi haiishii huko, bali hufuata njia ya nyumbani, ikawaangukia mama na watoto ambao hawakuonja hata tone. Akijua kwamba ugomvi wa pombe una sababu zinazopimika, hataukubali kama mvua isiyozuilika.

Muhtasari wa somo ni huu. Kileo hudhoofisha breki za ubongo na kuufanya upeo wa akili kuwa finyu. Jamii humfundisha mlevi anachoruhusiwa kutenda. Mahali na saa huamua ni kitu gani kitakachoangukiwa na mwanga wa akili hiyo finyu. Wahenga walisema “Hasira, hasara.” Sayansi yaongeza kwamba hasara hiyo huweza kuzuiwa kabla hasira haijawaka, kwa benchi, taa, sahani ya muhogo na saa ya kufunga.

Maswali na mazoezi

1. Chombo kina mililita 750 za kinywaji chenye kileo cha asilimia 6. Kokotoa uzito wa ethanoli iliyomo, kisha saa ambazo ini litahitaji kuiondoa likivunja gramu 8 kwa saa.

2. Eleza kwa nini uraka uliowekwa tangu asubuhi huwa na kileo zaidi jioni. Taja dalili moja ya uchachukaji inayoonekana kwa macho.

3. “Kileo hutuliza ubongo, lakini mlevi hupiga kelele.” Je, kauli hii ina ukinzani? Jadili.

4. Wanafunzi wagawanyike makundi mawili. Kundi moja litetee hoja kwamba njia bora ya kuzuia ugomvi ni kufupisha saa za kuuza pombe, na jingine kwamba ni kuwafunza wauzaji. Kila kundi litumie mifano ya Diadema, Newcastle na Toronto.

5. Bila kutaja jina la mtu wala la kilabu, chora ramani ya mahali pa mkusanyiko panapojulikana kijijini, pawe pa pombe au la, kama vile soko, kituo cha basi au uwanja wa mpira. Onyesha sehemu ambazo watu husongamana au hugombana, na upendekeze mabadiliko matatu.